Barua kwa Mama Fundi: Stika haichezi gemu

Mbukwenyi wasomaji. Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza laptopu, kwa hiyo nimechagua moja ndefu nikaipa nafasi yake, na nyingine tatu nimezibana mwishoni. Naandikia hapahapa dukani, nyuma ya soko la Majengo, feni ya dari ikihamisha vumbi toka meza moja kwenda nyingine. Mkikuta herufi imeruka mnivumilie, kibodi hii ni ya mgonjwa.

*Shikamoo mama fundi. Nasoma mwaka wa pili UDOM, nipo CIVE, ndaki ya TEHAMA. Nina 1,000,000. Laki sita na nusu katuma mjomba baada ya kuuza alizeti Kondoa, nyingine nimejibana kwenye bumu. Nataka laptopu moja ifanye yote: kuandika kodi za programu za darasani, ripoti, na jioni gemu, hasa eFootball na GTA V. Idumu mpaka nimalize chuo, ikiwezekana mdogo wangu airithi. Kuna jamaa hosteli anauza Core i7, RAM 8, diski ya terabaiti 1, kwa 750,000. Anasema i7 ni i7. Wengine wananiambia nitafute laptopu ya gemu ya mtumba kwa milioni hiyohiyo. Picha za hiyo ya jamaa nimeambatanisha. Nichukue ipi? Mwanafunzi, Ng'ong'ona.*

Marahaba mwanangu. Umefanya jambo ambalo wengi hawafanyi: umenitumia picha ya ule ukurasa wa ndani unaotaja prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kwa jina lake kamili, siyo picha ya stika ya i7 peke yake. Nimeikuza. Imeandikwa i7-7600U. Tuanzie hapo.

Jamaa yako anasema i7 ni i7. Nenda stendi ya Nanenane, mabasi mangapi yameandikwa daraja la juu ubavuni? Ukipanda ndipo unajua kama kiti kinalala. Kwenye hiyo namba, tarakimu inayofuata baada ya kistari ndiyo kizazi, kwa hiyo yako ni ya kizazi cha saba. Herufi U ya mwisho maana yake ni prosesa ya kubana umeme, wati 15. Na ndani yake kuna viini viwili tu. Kiini ni kibarua mmoja. Ukifungua programu ya kuandikia kodi, kivinjari chenye kurasa ishirini na muziki juu yake, vibarua wawili watatoka jasho. Sasa sikiliza: mwaka huohuo wa 2017 Intel walitoa i5-8250U. Herufi ileile, wati zilezile 15, ila ina viini vinne. Ndiyo maana hapa dukani i5 ya laki sita inaipita i7 ya laki saba na nusu, na mwenye i7 anaondoka kanuna.

Kuna jingine juu ya kizazi hicho cha saba. Windows 10 iliachwa na Microsoft wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo, ukienda kwa masharti yao, kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha nane. Njia za kuilazimisha zipo, na nimewawekea watu wengi tu, lakini Microsoft hawakuahidi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho. Wewe unataka mdogo wako airithi. Unamrithisha mzigo?

Diski ya terabaiti 1 kwenye picha yako ni hadi diski, ile inayozunguka kama sahani ya santuri. Terabaiti inasikika vizuri mdomoni. Mimi ningeibadilisha na SSD, diski isiyozunguka, ya gigabaiti 256 leo hii bila kufikiri mara mbili. Hadi diski ya laptopu inasoma kama megabaiti 100 kwa sekunde ikiwa katika siku zake nzuri; SSD ya kawaida ya SATA inafika 500 na ushee, na zile nyembamba za NVMe zinakwenda elfu kadhaa. Halafu hadi diski haipendi kurushwarushwa kwenye bodaboda kutoka Ng'ong'ona hadi mjini.

Kwa hiyo ya jamaa, hapana. Mkatalie kwa heshima, mtaendelea kuishi hosteli moja.

Sasa hilo neno lako la kudumu. Watu wakisema laptopu ngumu wanagonga mfuniko kwa vidole kama wanachagua tikiti. Ngoja nikueleze nilichokiona wiki iliyopita. Aliletwa mgonjwa kutoka Nkuhungu, laptopu ya gemu, nzuri, kibodi inawaka taa nyekundu. Mwenyewe analalamika kwamba gemu linakwenda vizuri dakika kumi, kisha linaanza kukwamakwama kama mkokoteni kwenye mchanga. Nikafungua mgongo. Kati ya feni na yale mapezi ya shaba yanayotoa joto nje kulikuwa na kitu kama kipande cha blanketi: vumbi letu jekundu limeshikana na nyuzi za shuka na manyoya ya paka, unene wa sarafu mbili. Nililivuta kwa kibano likatoka zima, mstatili kamili, limechukua alama za mapezi kama andazi lililobanwa kwenye wavu. Kijana akaomba alipige picha. Ile dawa ya kijivu inayopakwa juu ya prosesa ili joto lipite kwenda kwenye shaba ilikuwa imekauka ikawa ukoko. Nikaikwangua, nikasafisha kwa spiriti, nikapaka mpya. Kabla ya hapo prosesa ilikuwa inagonga nyuzi 98. Baada ya hapo, gemu lilelile, ikakaa kwenye 79. Nilimtoza 25,000.

Kule kukwama hakukuwa ugonjwa, ilikuwa mashine inajiokoa. Prosesa hizi zikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi zenyewe zisiungue. Mtu asiyejua anadhani gemu limemzidi nguvu, anakwenda kukopa anunue nyingine, na hiyo nyingine anaiweka juu ya godoro lilelile.

Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, na kuanzia Juni upepo unasomba vumbi hadi Oktoba. Kwa hiyo kwangu mimi laptopu ya kudumu ni ile ambayo fundi anafungua mgongo wake kwa bisibisi ya kawaida, anapuliza, anafunga, bila kuvunja klipu hata moja. Betri inatoka, RAM (kumbukumbu ya kazi) inatoka, SSD inatoka, hakuna kuchomelea. Ukikuta RAM imechomelewa kwenye bodi na ni 4, umeoa bila talaka.

Halafu bawaba. Laptopu nyingi za bei nafuu zinazouzwa mpya kwa ajili ya nyumbani zina bawaba ngumu ya chuma iliyofungwa kwa skrubu kwenye vinati vidogo vya shaba vilivyopachikwa kwenye plastiki. Kila ukifungua mfuniko, chuma kinaivuta plastiki. Mwaka wa pili vinati vinang'oka, kona inapasuka, na kioo kinafuata. Laptopu zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisini, ThinkPad za mfululizo wa T, EliteBook, Latitude, bawaba zake zimeshikwa vizuri zaidi, na zimekuja na vitabu vya ufundi ambavyo kampuni zenyewe zinaviweka wazi. Ndiyo sababu kabati langu la vipuri limejaa vitu vyake. Kibodi ya ThinkPad T480 naipata leo jioni. Kibodi ya hiyo laptopu ya ofa iliyotoka juzi, tusubiri mzigo wa Kariakoo, tuombe Mungu.

Turudi kwenye milioni yako. Laptopu ya gemu ya mtumba kwa milioni moja utaipata, sikudanganyi. Swali ni imepitia mikono ya nani. Kwa bei hiyo utaletewa ya 2017 au 2018 yenye kadi ya grafiki ya GTX 1050, iliyochezewa usiku na mchana miaka sita, saba. Kadi ya grafiki kwenye laptopu imechomelewa kwenye bodi palepale. Ikifa, haichomolewi kama ya kompyuta ya mezani. Nilishampa kijana wa Area D habari hiyo, akakaa kwenye benchi langu dakika nzima bila kusema kitu, kisha akaniuliza kama naweza kununua kioo chake. Nilikinunua.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Tafuta laptopu ya ofisi ya kizazi cha kumi na moja: EliteBook 840 G8 au Latitude 5420, yenye Core i5. Wiki mbili zilizopita mteja wangu aliipata hiyo Latitude kwa 880,000 ikiwa na RAM 8 na SSD ya 256. Ukibahatika utapata kama hiyo, na kidogo kitakachobaki usikile, kuna kazi yake. Prosesa za kizazi hicho zina grafiki ya ndani inayoitwa Iris Xe, ambayo ni hatua kubwa mbele ya ile UHD 620 ya kizazi cha nane. Lakini ina siri ambayo wauzaji wengi hawaijui au hawaisemi: inataka RAM mbili zikae pamoja, kijiti hapa na kijiti pale. Ukiweka kijiti kimoja tu, kompyuta yenyewe inaiandika kuwa UHD, jina la Iris Xe linapotea, na nguvu inapotea nalo. Nimeshaona mtu anabishana na muuzaji kwamba ameuziwa feki, kumbe ni kijiti kimoja cha RAM. Kwa hiyo ile akiba nunua kijiti cha pili cha 8, DDR4, ujaze nafasi iliyo wazi. Mashine itapata 16 na grafiki itaamka.

Hapo eFootball itakwenda vizuri. GTA V ni la 2015 kwa upande wa kompyuta, siyo mzee sana wala siyo kijana. Shusha vivuli, shusha majani, litakaa. Ukiamua kubana zaidi na kuchukua ya kizazi cha nane, T480 au 840 G5, ambazo zinacheza kwenye laki sita, GTA V itabidi uishushe ukali wa picha mpaka 720p na kila kitu chini, nawe utapata fremu kama 30 kwa sekunde. Simaanishi fremu za kupangisha hapa Majengo, za hapa hata moja kwa mwezi inawashinda watu. Nina shemeji anacheza hivyohivyo na hana malalamiko, ila shemeji hajawahi kuona inavyoonekana kwa jirani. T480 ina tamu yake: betri mbili, moja ndani, moja ya nje inayochomolewa kwa vidole, unabadilisha bila hata kuzima.

Na kama roho yako inataka gemu la soka la FC 24 na ndugu zake, basi subiri. Hilo lenyewe linadai RAM 8, nafasi ya gigabaiti 100 na kadi ya daraja la GTX 1050 Ti kwa kuanzia. Jibane mpaka ufike kama 1,500,000 utafute yenye GTX 1650. Utaona pia RTX 3050 zinatajwa tajwa. Tahadhari na hizo: jina ni moja lakini mtengenezaji anaweza kuifunga ile kadi ifanye kazi kwa wati 35 au aiachie hadi 80, na mbili hizo ni kama pikipiki moja yenye abiria mmoja na nyingine imebeba mishikaki. Njia ya haraka ya kunusa ukiwa dukani ni kuishika chaja. Ikiwa nyepesi kama ya laptopu ya ofisi, jiulize hiyo kadi inakula nini.

Siku ya kununua usiende usiku na usiende peke yako. Nenda na flashi, na mtu asiye na haraka. Fungua mfuniko kwa kidole kimoja, usikilize; bawaba nzima hailii, na kona ya plastiki haiachani na mwenzake. Iwashe, fungua ukurasa wa prosesa kama ulivyofanya. Kisha fungua lile dirisha jeusi la amri uandike powercfg /batteryreport. Inakutengenezea ripoti, ndani yake kuna namba mbili: uwezo betri iliozaliwa nao na uwezo uliobaki leo. Ikiwa imebaki nusu, usigombane, punguza bei. Bonyeza kila herufi kwenye kibodi. Chomeka flashi kila tundu. Cheza video dakika ishirini huku umeweka kiganja pale hewa inapotokea. Itoke ya moto, itoke kwa nguvu. Isiyotoa hewa kabisa ndiyo ya kuogopa.

Halafu izime, uiwashe tena ukibonyeza F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad, uingie BIOS, ile mipangilio ya ndani inayotangulia Windows. Ikikuomba nywila, iache hapohapo. Mimi somo hili nililipia. Mwaka 2021 nilinunua kumi kwa mkupuo Dar, mzigo wa mtumba kutoka Ulaya, muuzaji akaziwasha zote mbele yangu, zote zikawaka, nikapanda basi nikicheka. Nilipotaka kuziwekea Windows upya, nne zikaniuliza nywila ya BIOS, ambayo aliyekuwa nayo ni ofisi fulani huko kaskazini mwa dunia. Simu ya muuzaji ikaanza kuita bila kupokelewa. Zile nne nilizichinja vipuri. Na moja kati ya zilizobaki ilikuwa na kibodi ya Kijerumani, Z imekaa mahali pa Y. Mteja wangu wa kwanza, karani wa wakulima, akaandika barua nzima ya yabibu za Dodoma kabla hajashtuka.

Siku hizi kwa treni ya SGR vijana wanakwenda Kariakoo asubuhi na kurudi na laptopu. Bei kule ni nafuu kidogo, sikatai. Piga hesabu ya nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, na nauli ya kuirudisha ikileta shida siku ya nne. Kama tofauti ni elfu sabini, nunua hapa kwa mtu unayejua anapofungua duka, akuandikie risiti na mwezi mmoja wa kurudisha.

Ukishaipata: meza, si godoro. Kabla upepo wa Juni haujaanza na baada ya Oktoba, ilete au mpelekee fundi yeyote mwenye blowa. Usipulize mwenyewe kwa mdomo, mate ni maji. Na ukijifunza kupuliza, shika feni kwa kidole isizunguke kama pangaboi, mhimili wake unaumia. Umeme ukikatika chomoa chaja ukutani, subiri urudi na utulie ndipo uchomeke. Betri itakubeba, ndiyo faida ya laptopu. Chaja za elfu kumi na tano za mezani hapa nje nazo ziache. Baadhi ya laptopu zinaitambua chaja kwa kipini cha katikati, zisipoitambua zinakataa kujaza betri na kasi inashuka. Watu wananiletea mashine nzima eti imekuwa nzito, namchomekea chaja yangu, inapona palepale. Hiyo sitozi.

Nikukumbushe tu, alama za ripoti ya mwaka wa pili hazitokani na eFootball.

*Habari za kazi, Mama Fundi. Ni mwalimu huku Mpwapwa. Nilinunua laptopu mpya kabisa kwenye ofa, 480,000, RAM 4, nafasi 64. Ilikuwa nzuri mwezi mmoja. Sasa Windows yenyewe inasema haina nafasi ya sasisho, na wanangu wanataka gemu. Niongeze diski?*

Nzuri, mwalimu. Hapo sina habari tamu. Hiyo 64 karibu kila mara ni eMMC, kumbukumbu ya aina ya simu iliyochomelewa kwenye bodi, na RAM nayo imechomelewa. Windows 11 inataka gigabaiti 64 kwa uchache, na RAM 4 kwa uchache. Yaani umenunua nyumba ambayo kitanda kimeijaza. Kabla hujakata tamaa, ifunguliwe: baadhi zina nafasi tupu ya SSD pembeni ambayo muuzaji hakuitaja, na hapo umepona kwa bei ya SSD. Ikiwa haina, hamishia picha na video za harusi kwenye diski ya nje, futa folda ya vipakuliwa, acha kivinjari, Word na Excel. Itakuandalia mitihani miaka mitatu bila matata. Gemu, wape karata zilizomo. Wakilia, nao wanajua bei ya ofa.

*Mama fundi, niko ofisi moja Mji wa Serikali, Mtumba. Kazini nimepewa laptopu nzuri sana, i7 ya kizazi cha kumi na mbili. Mwanangu anataka kuwekewa gemu wikiendi. Kuna namna ya kuweka na kuficha?*

Ipo. Sikufundishi.

*Shikamoo dada. Mimi ni mama wa Area C. Kijana wangu wa miaka 14 anataka laptopu ya gemu, anasema ni ya masomo. Nina kama laki nane. Ananiambia bila laptopu atabaki nyuma.*

Marahaba, ingawa kwa mwandiko wako nadhani tunalingana, huenda shikamoo ilikuwa yangu kuitoa.

Dada yangu, mtoto wa miaka 14 halazimiki kubeba kompyuta. Anakwenda nayo wapi? Kwa laki nane mnunulie ya mezani. Zile kompyuta za ofisi za mtumba, kasha dogo, Core i5 ya kizazi cha nane, RAM 8, zinapatikana kwa laki tatu na nusu hadi nne, na kioo cha mtumba cha inchi 22 juu yake. Zinazobaki unamnunulia kadi ya GTX 1650 ya mtumba. Muhimu umwambie muuzaji iwe fupi kimo (low profile), ya kuingia kwenye kasha dogo, na isiwe na tundu la waya wa ziada wa umeme. Kadi hiyo ya kawaida inakula wati 75, ambazo bodi yenyewe inazitoa, kwa hiyo pawasapulai ndogo ya ofisi haihangaiki. Feni ikifa ni elfu kumi na tano. Kadi ikifa inachomolewa. Na kwa laki nane hiyo gemu litakwenda vizuri kuliko kwenye laptopu ya milioni na nusu, kwa sababu kasha lina hewa.

Faida ya pili unaijua kuliko mimi. Ya mezani inakaa sebuleni, karibu na luninga, kioo kimeelekea jikoni. Akikataa hapo, muulize masomo gani hayo yanayotaka chumba chenye kufuli. Akikubali, njoo naye Jumamosi kabla ya saa sita, achague kasha mwenyewe. Nina mbili za kijivu na moja nyeusi, nyeusi ina mkwaruzo ubavuni lakini ndani ni safi, niliipuliza jana.